Kuanzisha na Kuendesha Mpango wa Kurekebisha Wahalifu Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeulizwa na akina mama wanaosubiri zamu ya kuona watoto wao katika gereza la Shimo la Tewa, vijana wenye vikundi Kisauni na Likoni, maimamu, wachungaji, na watu waliotoka ndani wenyewe. Yameanza na ya msingi, yale magumu yako mwishoni. Pale jibu linapopatikana kwingine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Mpango wa urekebishaji ni nini hasa?

Ni kazi yenye utaratibu ya kumsaidia mtu aliyevunja sheria asirudie. Kupeleka sabuni na mikate gerezani siku ya Idi au Krismasi ni sadaka njema na wafungwa huishukuru, lakini huo si urekebishaji. Semina ya siku moja yenye fulana na picha ya pamoja nayo si urekebishaji. Mpango wa kweli unajua unamshughulikia nani, nini kilimwingiza kwenye kosa, atalala wapi usiku wa kwanza akitoka, na nani atapiga hodi kwake mwezi wa tatu.

Msimamo wetu, na utauona katika majibu mengi hapa, ni kwamba kazi hii lazima ianze mtu akiwa ndani na isikatike langoni. Mahali inapokatika ndipo watu wengi wanapopotea.

Kwa nini tuwahangaikie watu waliotuumiza?

Aliyekatwa panga Mishomoroni akirudi kutoka kazini ana haki ya kuuliza hivyo, na hatutamwambia asiwe na hasira. Tunachomwambia ni hiki: karibu kila aliye gerezani ana tarehe ya kutoka, na akitoka hurudi mtaa uleule. Tena sheria ya Kenya humpunguzia thuluthi moja ya kifungo mfungwa mwenye bidii na nidhamu, isipokuwa kwa makosa kadhaa kama unyang'anyi na kwa waliofungwa maisha. Kwa hivyo aliyehukumiwa miaka 3 anaweza kuwa nyumbani baada ya 2. Swali lililobaki ni atarudi akiwa mtu gani.

Nani tayari anafanya kazi hii Mombasa?

Wapo, na kabla hujaanzisha chako wafahamu.

Shimo la Tewa, kando ya barabara ya Malindi kabla ya kuvuka daraja la Mtwapa, si gereza moja. Kuna gereza kuu la wanaume lenye ulinzi mkali, gereza la wanawake, na taasisi ya bosto, yaani ya kurekebisha vijana waliokosa, ya wavulana. Ndani kuna karakana, masomo, makasisi na maimamu. Idara ya Probesheni huandikia mahakama ripoti, husimamia wenye vifungo vya nje, na hufuatilia baadhi ya waliotoka. Shanzu kuna hosteli ya probesheni, na Likoni kuna shule ya urekebishaji ya watoto. Kituo cha Sheria kimewafundisha wafungwa wa Shimo la Tewa usaidizi wa kisheria, wakawa wanaandikiana rufaa. MEWA na Reachout Centre Trust wamekuwa wakishughulika na watumiaji wa mihadarati kwa miaka mingi.

Pengo kubwa tunaloliona ni katikati ya hawa wote: mtu anatoka kwa mmoja na hakuna anayempokea. Kikundi kidogo cha mtaani kinachoziba pengo hilo kina faida kuliko karakana nyingine mpya.

Lazima mtu afungwe ndipo arekebishwe?

La. Kwa makosa madogo, kufungwa mara nyingi huharibu zaidi: mtu anapoteza kibarua, chumba na mke, kisha anakaa miezi sita na watu wenye ujuzi wa uhalifu kumshinda. Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inaruhusu mahakama, mshtakiwa akikubali, kumpa kazi ya umma isiyo na malipo badala ya kifungo kisichozidi miaka 3. Probesheni nayo huwa kati ya miezi 6 na miaka 3.

Kikundi chenu kinaweza kusaidia hapa bila kuingia gereza lolote. Zungumzeni na afisa wa probesheni, mwonyeshe kwamba mna mahali pa kazi na mtu wa kusimamia. Hakimu akiona ripoti inayosema kijana atakuwa wapi, na chini ya nani, ana sababu ya kutomfunga.

## Kuanzisha mpango

Tuanze na nini?

Anzeni kwa kusikiliza. Ongeeni na waliotoka karibuni, mmoja mmoja, si kwenye mkutano wa hadhara. Ulizeni: ulirudia kosa lini, ulikuwa na shilingi ngapi mfukoni, ulikuwa na nani, ulikuwa umekula? Majibu ya maswali haya yatawapangia kazi vizuri kuliko pendekezo lolote lililoandikwa ili kumridhisha mfadhili. Halafu chagueni eneo dogo. Kikundi kinachosema kinahudumia kaunti nzima huishia kuhudumia barua pepe.

Tunahitaji usajili gani?

Kikundi cha mtaa husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Mkikua mkataka kufanya kazi kaunti nyingi, kuna Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Na kwa kuwa mtaweka habari za makosa na afya za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata mkiandika kwenye daftari. Msiache faili la mtu wazi mezani.

Tutaruhusiwaje kuingia gerezani?

Kwa barua. Ruhusa ya kufanya mpango wa kudumu hutoka makao makuu ya magereza Nairobi, halafu mkuu wa gereza ndiye anayepanga siku na mahali. Andikeni mtafanya nini, na nani, kwa muda gani, na kila anayeingia aandikwe jina na namba ya kitambulisho. Simu huachwa langoni. Msipige picha bila ruhusa ya maandishi, na msibebe barua, pesa wala salamu za mfungwa yeyote, hata akiwa ni mtoto wa jirani yako anayelia. Mtu mmoja akivunja sharti hilo, mpango mzima hufungiwa.

Jambo lingine: waheshimuni maafisa wa chini. Afande anayefungua wadi ndiye anayejua nani amebadilika na nani anaigiza.

Tumchukue nani, aliye tayari au aliyeshindikana?

Wengi hupenda kuchukua mwenye adabu, aliyeiba mara moja, anayesema "shikamoo". Ni rahisi kufanya naye kazi, na picha zake hupendeza. Lakini wanasaikolojia wa Kanada, Andrews na Bonta, walipokusanya ushahidi kuanzia miaka ya 1980 waligundua kwamba msaada mzito huleta matokeo kwa walio katika hatari kubwa ya kurudia, na ukimlazimisha wa hatari ndogo kukaa nao mfululizo unaweza kumharibu.

Kwa hivyo pimeni kwanza. Ana makosa mangapi nyuma? Marafiki zake ni akina nani? Anatumia unga (heroini)? Ana mtu yeyote anayemngoja? Mwenye hatari ndogo mpeni barua ya kazi na namba ya simu, mmwache aendelee na maisha yake. Nguvu zenu pelekeni kwa yule ambaye mtaa umeshamchoka.

Aliyewahi kufungwa anaweza kuwa mfanyakazi wetu?

Anaweza, na kikundi kisicho na mtu kama huyo hukosa mlango wa kuingia maskani. Mlipeni kama wengine, msimfanye maonyesho ya kusimulia maisha yake kila wiki. Asimamiwe, asiachwe peke yake na fedha wala na kesi nzito mpaka apate mwaka mmoja au zaidi nje bila matatizo. Sharti hilo ni la kumlinda yeye kwanza.

## Kinachofundishwa

Tufundishe ufundi gani?

Ule ambao Mombasa inaulipia, na ambao mtu anaweza kuufanya bila kuomba kazi kwa anayedai cheti cha tabia njema cha polisi. Nukta ya pili husahaulika sana. Hoteli za Nyali na Bamburi, kampuni za ulinzi na ajira nyingi za bandarini hudai cheti hicho, na rekodi itaonekana. Fundi wa majokofu na viyoyozi, mchomeleaji, mshonaji wa madera na sare za shule, seremala wa vitanda, fundi wa mashua: hao huitwa na mteja moja kwa moja, na mteja huuliza kama jokofu litaganda.

Angalieni pia soko linavyobadilika. Kazi ya utingo na udereva wa malori ya kontena iliwalea vijana wengi wa Miritini na Changamwe. Treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza 2017, na 2019 ikaamriwa mizigo ipitie humo. Amri hiyo iliondolewa 2022, lakini waliozoea kupata kibarua kila asubuhi waliona jinsi riziki inavyoweza kukatwa kwa tangazo moja. Msimfundishe mtu kazi moja tu inayotegemea uamuzi wa Nairobi.

Hakikisheni anafanyiwa mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda. Daraja la III ndilo la kuanzia, kisha la II na la I. Cheti hutolewa na NITA na si gereza, kwa hivyo akikionyesha kwa mteja hakimfungulii mjadala wa alikuwa wapi.

Mawaidha ya dini hayatoshi?

Yana nguvu kubwa. Tumeona waliojifunza Kurani au Biblia wakiwa ndani wakasimama imara walipotoka, hasa pale msikiti au kanisa la mtaani lilipowapokea kwa jina na kuwapa jukumu, hata kama ni kufagia na kutandika mikeka. Lakini mtu anaweza kutubu kwa dhati Ijumaa na Jumatatu akakutana na hali ileile iliyomwangusha bila kuwa na njia nyingine ya kuikabili. Mawaidha yanampa sababu ya kubadilika. Mazoezi ya kubadilika, yaani tiba ya mazungumzo, ni kazi nyingine, nayo iko katika jibu linalofuata.

Hiyo tiba ya mazungumzo hufanywaje kwa Kiswahili cha mtaani?

Hufanywa kwa vitendo. Watu kumi au kumi na wawili wanakaa duara. Mshauri anasema: "Umesimama Kongowea na mkokoteni wako wa machungwa, askari wa kaunti anaupindua. Fanya." Mmoja anaigiza askari, mwingine mchuuzi. Mkono unainuka hata kabla neno halijatoka. Hapo mshauri anasimamisha kila kitu na kuuliza: sekunde ile, kichwani mlipita nini? Karibu kila mara jibu ni "amenidharau". Kikundi kinalichambua neno hilo. Je, kuna maelezo mengine? Ukimpiga, machungwa yatalipwa na nani? Usiku huo watoto watakula nini? Kisha wanarudia igizo lilelile, mara hii mchuuzi anarudi hatua moja nyuma, anavuta pumzi, anaokota machungwa yake, anasoma namba ya beji kwa sauti. Wengine wanamcheka kidogo. Wiki ijayo anakuja kusimulia alivyolifanya kweli, kwa kondakta wa matatu.

Liberia walipima jambo hili. Wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na ugomvi jijini Monrovia walipangwa kwa bahati nasibu: wengine wakapata wiki 8 za mazungumzo kama haya, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Miaka 10 baadaye, waliopata vyote viwili ndio waliokuwa wamepunguza uhalifu kwa kudumu, karibu nusu. Fedha peke yake haikudumu. Somo kwetu ni kwamba mazungumzo yanahitaji kushikizwa na mtaji kidogo, ili mtu apate muda wa kuizoea tabia mpya.

Mtu wetu anatumia unga. Tuanze na lipi?

Anzeni na unga. Mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, hawezi kukaa duara wala kushika cherehani. Matibabu ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, yalianza pwani yetu mwaka 2015 huko Malindi, yakafika Kisauni 2017, na Shimo la Tewa pia huduma imeingia. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na haitozwi.

Hatari kubwa ni siku za mwanzo baada ya kutoka. Mwili uliokaa bila heroini hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani, na mtu akijidunga kama alivyozoea anaweza kufa siku hiyohiyo. Mwambieni hivyo waziwazi kabla hajatoka, na mwambieni mama yake pia. Kama alikuwa kwenye methadoni ndani, kituo cha nje kiwe na jina lake kabla lango halijafunguliwa.

Tuwapeleke vijana watukutu gerezani wakaone, waogope?

Hapana. Ziara za kuwatisha zilipata umaarufu New Jersey, Marekani, miaka ya 1970, na zilipopimwa kwa makini ilionekana waliopelekwa walitenda makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa. Tunajua walimu wanaouliza swali hili wana nia njema. Pesa hiyo ya basi itumieni kulipia karo ya mtoto mmoja aliyefukuzwa.

## Kutoka na kurudi mtaani

Mwanangu anatoka Shimo mwezi ujao. Tujiandae vipi?

Mama, nenda umwone afisa wa ustawi wa gereza uthibitishe tarehe, kwa sababu hesabu ya kifungo hubadilika. Kama alikaa rumande kabla ya hukumu, sheria inataka mahakama iuzingatie muda huo. Siku yenyewe awepo wa kumpokea, na msimfanyie sherehe kubwa. Watu wa maskani huja na sherehe, na zawadi zao unazijua.

Wiki ya kwanza shughulikieni kitambulisho. Wengi hukipoteza wakati wa kukamatwa, na bila hicho hakuna laini ya simu, hakuna M-Pesa, hakuna mkopo wa Hustler Fund wala kibarua. Mpelekeni kwa mzee wa mtaa na chifu akajulikane kwa uso wake, ili ikiibiwa baiskeli usiku asiwe wa kwanza kutajwa. Kama afya yake haiko sawa, tazama jibu kuhusu unga.

Familia haimtaki. Tufanye nini?

Msiwalazimishe. Mara nyingi mjomba au shangazi huwa tayari kabla ya baba. Tembeleeni miezi kadhaa kabla, msikilize walichoibiwa na walichoaibishwa, kwa kuwa mara nyingi wao ndio walioumizwa mwanzo. Ikishindikana, mtafutieni chumba mtaa mwingine, mlipe kodi ya miezi michache kwa mkataba unaoeleweka. Chumba cha Sh3,000 huzuia mambo mengi.

Aliyeumizwa ana nafasi gani katika mpango huu?

Nafasi ya kwanza kuulizwa, na haki ya kukataa. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inamtambua, na Katiba katika kifungu cha 159 inaruhusu upatanisho. Kikao cha kuomba msamaha kinaweza kuponya pande zote, lakini kiandaliwe kwa upole, kila upande ukionwa peke yake kwanza, na kisifanywe kamwe ili mhalifu apate ripoti nzuri. Makosa ya ngono ni mengine kabisa; tazama chini.

## Mambo magumu

Mtoto chini ya miaka 18 akikosa?

Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na wa chini ya 14 huchukuliwa hana uwezo huo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hafungwi jela. Sheria inataka atolewe kwenye mkondo wa mahakama inapowezekana. Mvulana wa miaka 15 hadi 17 anaweza kupelekwa bosto, kwa muda usiozidi miaka 3. Msimchanganye kwenye duara moja na watu wazima, hata kwa saa moja.

Wanawake wafanyiwe tofauti?

Ndiyo. Wengi wana watoto nje, na sheria inaruhusu mtoto mchanga akae na mama gerezani hadi miaka 4. Kabla ya ushonaji na sabuni, ulizeni: watoto wako wako kwa nani? Mwanamke ambaye hajui binti yake amelala wapi hasikii somo. Kikundi kinachowatafuta watoto hao na kuleta habari zao kimefanya kazi kubwa kuliko cherehani kumi.

Alikuwa kwenye genge, na wenzake bado wako pale pale.

Kumwambia "achana nao" hakusaidii. Ndugu zake wako humo. Msaidieni kupanga njia: atapita wapi, saa ngapi, ataomba udhuru gani. Wengine huhitaji kuhama kwa muda. Kazi ya alfajiri husaidia, maana usiku atalala. Akija kuwaambia anatishwa, mchukulieni kwa uzito siku hiyohiyo.

Na waliorudi kutoka kwa Al-Shabaab huko Somalia?

Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa watakaojisalimisha, na baadaye Mombasa ikawa na mpango wake wa kaunti wa kuzuia itikadi kali. Kazi hii ina hatari ya kuuawa, kwa pande zote mbili. Kikundi kidogo kisijitwike peke yake. Kazi yenu inaweza kuwa ya familia: mama anayenyanyapaliwa, watoto wanaotengwa shuleni. Hilo ni kubwa, na si lazima litangazwe.

Aliyefungwa kwa kosa la ngono anaomba kujiunga.

Achukuliwe peke yake, na mshauri aliyesomea. Asiwekwe karibu na watoto, wala madrasa, wala shule ya Jumapili, hata kama amekuwa mcha Mungu. Na kama kuna kesi mpya, haiishi kwa wazee kumalizana. Hakuna kikao cha mtaani chenye mamlaka hayo.

Akirudia kosa, tumwondoe?

Tazameni kwanza ni kosa gani. Aliyekuwa akipora kwa kisu na sasa amekamatwa na bangi hajarudi alikotoka. Mtembeleeni rumande, muulize nini kilitangulia, mrekebishe mpango. Mkimficha asikamatwe na polisi mmekuwa washirika, kwa hivyo hilo msilifanye. Atakayemdhuru mwenzake ndani ya kikundi aondoke.

Tutajuaje kama mpango unafanya kazi?

Msihesabu vyeti vilivyogawiwa. Andikeni kila mtu, akiwemo aliyeacha wiki ya pili, na mmtafute baada ya miezi 6, 12 na 24: amekamatwa? anafanya kazi? analala wapi? Ambaye hamkumpata aandikwe hivyo, asihesabiwe kuwa amefaulu. Mkiweza, linganisheni na waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri. Mfadhili anaweza kutopenda matokeo, lakini nyinyi mtajua mfanye nini mwaka ujao.

Mahabusu ambaye kesi yake haijaisha anaweza kujiunga?

Anaweza kwa hiari yake. Hajahukumiwa, kwa hivyo halazimishwi kazi wala hatakiwi kukiri lolote kwenye duara. Mshauri amkatize akianza kuzungumzia kesi. Wengi wako pale kwa kukosa dhamana ndogo tu, kwa hiyo msaada wa kwanza ni kumpigia simu ndugu anayeweza kumdhamini.